Mchongaji Naye Ni Mfasiri

Vita ilipofika Alimbongo, Desemba 2024, nyanya yangu, mama mzaa baba, aliondoka na vitu vitatu: blanketi, sufuria na msalaba mdogo wa mti. Viazi vilibaki ardhini. Mbuzi walibaki kwa jirani, ambaye naye aliondoka kesho yake. Alipofika kwetu Butembo, aliuegemeza msalaba ule dirishani kabla hata ya kuomba maji ya kunywa.

Msalaba huo naujua tangu utoto, lakini siku ile niliutazama kama mtu anayesoma. Kristo wake ana paji pana la uso. Mbavu ni mikato mitano tu kila upande, yote imelala kama nyasi zilizopigwa na upepo mmoja. Nyayo ni pana, nyayo za mtu aliyepanda milima ya Lubero bila viatu. Nikamwuliza nyanya nani aliuchonga. Akasema: “Mzee mmoja wa kule juu. Alikuwa anachongea misheni, na mara mojamoja anatuchongea na sisi. Alikufa zamani.” Jina lake? Nyanya alinyamaza kidogo. “Sisi tulimwita Fundi tu.”

Jibu hilo limenikaa moyoni. Mimi ni mwanafunzi wa lugha. Ukiniuliza nani walihangaika kuitia Biblia katika Kiswahili, nitakutajia Krapf na Steere. Ukiniuliza nani alitunga ile kamusi kubwa ya Kiswahili na Kifaransa ya mwaka 1939, nitakwambia ni Padri Charles Sacleux, tena nitakuonyesha iko rafu gani maktabani. Majina hayo nimeyaandika katika mitihani nikapata alama. Lakini mtu aliyemfasiria nyanya yangu, ambaye hajasoma kitabu hata kimoja, habari nzima ya Ijumaa Kuu kwa kipande cha mti kisichozidi kiganja na nusu, simjui. Wala nyinyi, wahadhiri wangu na wenzangu, hamumjui.

Mwaka huo nilileta pendekezo la kazi yangu ya mwisho wa masomo: lugha ya wachongaji wa sanaa ya dini katika milima yetu. Nilijibiwa kwa upole kwamba hiyo ni kazi ya watu wa sanaa, si ya watu wa lugha. Nililichukua pendekezo langu nikaenda. Makala haya ndiyo jibu ambalo siku ile sikuwa nalo. Nasema kwamba mchongaji wa sanaa ya dini ni mfasiri, na kitivo cha lugha kinachomwachia mtu mwingine kinajinyima sehemu ya somo lake.

Tuanze na neno lenyewe, kwa kuwa neno ni mali yetu bila ubishi. “Sanamu” limetoka Kiarabu, na huko sanam ni mungu wa kuchongwa anayeabudiwa. Kiswahili kililipokea neno kikalipanua. Leo sanamu ni ya shujaa katikati ya mzunguko wa barabara, ni ya dukani inayovalishwa nguo za kuuza, ni ya Mama Maria kanisani. Lakini ile maana ya kwanza haikuhama. Amri inayokataza miungu ya kuchongwa, ikisomwa kwa Kiswahili, inatumia neno hilohilo. Kwa hiyo Mkatoliki wa Alimbongo aliyekaa mbele ya Mtakatifu Yosefu wa plasta husikia neno moja likifanya kazi mbili zinazogombana. Kifaransa hakina taabu hiyo: idole ni kingine, statue ni kingine. Sisi tuna neno moja, na ndani ya neno hilo Wakatoliki na Waprotestanti wa mtaa mmoja wamebishana miaka na miaka, kila mmoja akidhani anabishana juu ya imani tu.

Kuna pia “kinyago.” Wahenga walisema kwamba kinyago ulichokichonga mwenyewe hakiwezi kukutisha. Ndani ya methali hiyo kuna ujuzi wa kazi. Aliyechonga alikiona kitu hicho kikiwa gogo. Anajua ni wapi patasi iliteleza na ni fundo gani lilimlazimisha kugeuza shingo. Anayetishwa ni yule aliyekikuta kimekamilika. Sisi wa kanisani tumezikuta sanamu zimekamilika, hatujawahi kuuliza zilikuwaje gogo.

Nilikwenda kuuliza. Hapa Butembo yuko fundi seremala ambaye kati ya kitanda na kabati huchonga misalaba. Nilimwuliza kwa nini mikono ya Kristo wake imeunganishwa begani na haikuchongwa pamoja na mwili. Alinicheka, kisha akanionyesha ubao. Mti una nyuzi, na nyuzi zinakwenda upande mmoja, kutoka mizizini kwenda juu. Mwili wa Kristo msalabani unafuata nyuzi, mikono inazikata. Ukivichonga vyote katika gogo moja, mkono utavunjika siku ya kwanza msalaba utakapoanguka. Kwa hiyo mikono huchongwa kando, katika kipande ambacho nyuzi zake zinalala na mkono wenyewe, halafu huingizwa begani kwa kijiti na gundi. Wachongaji wa Ulaya walifanya hivyohivyo karne nyingi zilizopita, kwa sababu mti ni mti popote.

Akanifundisha na mengine. Gogo bichi likiachwa na kiini chake litapasuka likikauka, kwa sababu sehemu za nje zinasinyaa kuliko za ndani. Mchongaji mwenye akili hupasua gogo kwanza na kukiacha kiini nje. Mkaratusi, ambao ndio umejaa milimani kwetu, ni msumbufu: hujipinda na kupasuka. Msipre ni laini na unanukia vizuri, lakini mafundo yake ni mengi. Alipokuwa akieleza nilikuwa nikiandika maneno yake, na hapo ndipo nilipoona tatizo letu. Tezo alilitaja, patasi alilitaja, randa alilitaja. Lakini kusugua ilikuwa kuponse, rangi ya kung’arisha ilikuwa verni, na mwanafunzi wake mwenye miaka 16 hakujua patasi ni nini mpaka alipoambiwa siso. “Msasa” wote wawili walilijua, ila kama karatasi ya dukani. Kwamba msasa ni mti, na kwamba majani yake makavu yenye mikwaruzo ndiyo yaliyosugua mbao kabla ya karatasi kuja, hilo lilikuwa geni kwao, na kusema kweli lilikuwa geni kwangu pia mpaka nilipofungua kamusi.

Sikitiko langu si kwamba watu wanatumia maneno ya Kifaransa. Lugha huazima, na sisi wa Kongo tunajua kuazima kuliko wengi. Sikitiko langu ni kwamba msamiati mzima wa kazi moja unapita mlangoni mwetu, na sisi tunaolipiwa karo kusoma misamiati hatuna hata orodha yake.

Sasa nirudi kwenye neno zito nililolitumia: mfasiri. Mfasiri anapokea maana iliyokuja na umbo lake, anapaswa kuisimamisha katika umbo jingine lenye nyuzi zake. Pale maana inapokwenda na nyuzi, kazi ni nyepesi. Pale inapozikata, huna budi kuchonga kando na kuunga. Waliotafsiri Maandiko walipofika kwa Roho Mtakatifu walikuwa na “pepo,” walikuwa na “moyo,” walikuwa na “roho” lililotoka Kiarabu. Walichagua, na uchaguzi huo unatufundisha jinsi walivyoelewa imani na jinsi walivyoelewa Waswahili. Fundi wa Alimbongo alipofika kwenye paji la uso, kwenye mbavu, kwenye nyayo, alikuwa na machaguo vilevile. Plasta ya misheni ilimwonyesha nyayo nyembamba nyeupe. Yeye alichonga pana. Huo ni uamuzi wa mfasiri, na unaweza kusomwa.

Wala si uamuzi wa jana katika nchi hii. Mfalme Nzinga a Nkuwu wa Kongo alibatizwa mwaka 1491, na baada ya hapo mafundi wa Kongo wakaanza kutengeneza misalaba ya shaba yao wenyewe. Mingi imo leo katika makumbusho ya Ulaya na Marekani, pamoja na Tervuren. Wengi wa Kristo hao wana sura za Kikongo, na pembeni mwa msalaba, juu na chini, hukaa watu wadogo waliokunja mikono wakiomba. Msalaba wa namna hiyo waliuita nkangi kiditu. Kiditu ni Kristo, aliyeingia katika ulimi wa Kikongo. Nkangi linatoka katika kitenzi kanga, kufunga. Fundi alimfunga Kristo kwa shaba, na lugha ikamfunga kwa kitenzi, kila mmoja akimsaidia mwenzake. Nani atasema kwamba hapo kazi ya lugha iliishia mahali fulani na kazi ya sanaa ikaanza? Na mafundi hao, kama Fundi wetu, hawana majina. Tunayo majina ya wafalme waliobatizwa na ya mapadri waliobatiza.

Kuna hoja ya zamani inayotetea sanamu ambayo naomba tuiangalie kwa makini, kwa sababu inatudanganya. Mnamo mwaka 600, Papa Gregori Mkuu alimwandikia Serenus, askofu wa Marseille, ambaye alikuwa amevunja picha za kanisani kwa kuwa watu walikuwa wakiziabudu. Gregori alimsifu kwa kuzuia ibada hiyo, akamlaumu kwa kuvunja, kwa hoja kwamba wasiojua kusoma husoma katika picha yale wasiyoweza kuyasoma vitabuni. Hoja hiyo imetumika tangu hapo. Ina ukweli, maana inakiri kwamba sanamu husomwa. Lakini inaifanya sanamu kuwa kitabu cha yule asiye na kitabu, kitu cha kuachwa siku atakapojifunza alfabeti. Mimi nimejifunza alfabeti na zaidi, na bado msalaba wa nyanya unaniambia jambo ambalo Injili nne hazikuniambia: kwamba aliyesulubiwa alikuwa na nyayo kama za babu yangu.

Mfano ninaoupenda kuliko wote uko kwa majirani zetu wa mashariki. Gregory Maloba alizaliwa mwaka 1922 huko Mumias, magharibi mwa Kenya. Alipokuwa mtoto aliona katika misheni ya Kikatoliki sanamu ya plasta ya Bikira Maria, ikamshika, akaanza kujaribu kufinyanga kwa udongo. Angeweza kuishia hapo, akawa Fundi mwingine wa misheni asiye na jina. Lakini alifika Makerere, mahali ambapo Margaret Trowell alikuwa ameanzisha mafunzo ya sanaa tangu miaka ya 1930. Mwaka 1941 alichonga katika mti sanamu aliyoiita Kifo. Baadaye yeye mwenyewe alifundisha Makerere kwa miaka mingi kabla ya kuhamia Nairobi. Na Uganda ilipopata uhuru mwaka 1962, mnara wa uhuru uliosimamishwa Kampala ulikuwa kazi yake: mtu aliyezungushiwa vitambaa tangu miguuni, kama mtu anayefunguliwa, akimwinua mtoto juu kwa mikono miwili.

Watu hupita chini ya mnara huo wakienda kazini, na wengi husema tu kwamba ni mama Uganda na taifa lililozaliwa. Mimi ninaposoma umbo hilo namwona yule Bikira wa plasta wa Mumias. Mama na mtoto ni walewale, ila mtoto hakupakatwa tena kifuani. Ameinuliwa juu, kuelekea mbinguni au kuelekea kesho, chagua mwenyewe. Neno la kanisa limepata maana ya siasa, kama vile “ukombozi” lilivyotoka mimbarini likaenda kwenye redio. Hiyo ni kazi ya kitivo cha lugha kuieleza. Na tunaweza kuieleza kwa sababu Maloba ana jina, ana tarehe, ana shule, ana kazi zinazojulikana. Tofauti kati yake na Fundi wa Alimbongo huenda si kipaji. Ni kwamba mmoja aliandikwa.

Kongo nayo ina walioandikwa. Bruda Marc-Stanislas, Mbelgiji aliyeitwa Victor Wallenda, alianzisha shule ya Saint-Luc huko Gombe-Matadi mwaka 1943. Mwaka 1949 ilihamia Léopoldville, na mwaka 1957 ikawa Chuo cha Sanaa ambacho Kinshasa inajivunia hadi leo. Katika kizazi kilichotoka huko ni Alfred Liyolo, aliyezaliwa Bolobo mwaka 1943 na kufariki mwaka 2019, ambaye shaba zake zilifika mbali. Shule hiyo iliitwa kwa jina la Mwinjili Luka kwa sababu mapokeo yanasema alimchora Bikira Maria. Yaani mtu mmoja aliandika Injili na kushika brashi. Waliompa shule hiyo msimamizi hawakuona ajabu kuweka kalamu na rangi katika mkono mmoja. Sisi tunaona ajabu.

Najua nitakachoambiwa. La kwanza: katika kitivo hiki wako ndugu Waprotestanti na Waislamu ambao kwao sanamu ya ibada haina nafasi, kwa nini tuwaingize? Nawajibu kwa heshima kwamba siombi mtu yeyote apige magoti. Anayeikataa sanamu ana neno la kukataa, ana historia ya kukataa kwake, na hayo nayo ni lugha. Serenus wa Marseille nataka tumsome pia.

La pili: Kanisa lenyewe lina waalimu wake wa mambo haya. Ni kweli. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya liturjia ya tarehe 4 Desemba 1963, ulisema kwamba Kanisa halikuufanya mtindo wowote wa sanaa kuwa wake peke yake. Na mwaka 1988 Roma iliidhinisha Misale ya majimbo ya Zaire, ambamo mababu wenye haki wanaitwa pamoja na watakatifu. Maneno ya Misa yetu yakapata ruhusa ya kuwa yetu. Lakini ingia katika makanisa mengi ya kwetu leo: mdomo unawaita mababu, na jicho linamtazama Yosefu wa plasta aliyetoka katika umbo lilelile la kiwandani, mtindo uliopewa jina la Saint-Sulpice kwa sababu ya maduka yaliyozunguka kanisa hilo mjini Paris. Sikio limefasiriwa, jicho bado. Jambo hilo linaonekana vizuri zaidi kwa mtu aliyefundishwa kufananisha matini mbili.

La tatu ndilo linaloniumiza: watu wanakufa, watu wanakimbia, nawe unauliza jina la mchonga misalaba? Nimejiuliza hivyo usiku mwingi. Lakini ni nyanya aliyenijibu, kwa vitu vitatu alivyobeba. Aliyekimbia ndiye anayejua kipi ni cha lazima. Na vita ndiyo sababu ya haraka yangu. Chuo kikiungua, Steere yuko katika maktabayake mia nyingine. Kikanisa cha mlimani kikiungua, na mzee wa mwisho aliyemjua Fundi akifia ukimbizini, hakuna nakala popote.

Basi napendekeza mambo matatu yasiyohitaji pesa za mradi. Kwanza, kitivo kikubali kazi za mwisho wa masomo juu ya wachongaji, msamiati wao na jinsi kazi zao zinavyosomwa, zikisimamiwa na mwalimu wa lugha pamoja na mtu anayejua mti. Pili, kila mwanafunzi anayerudi likizo, kama barabara inamruhusu, arudi na ukurasa mmoja kutoka parokia au kikanisa cha kwao: sanamu gani ipo, ya mti gani, nani alichonga, nani anakumbuka. Wasioweza kurudi, na sasa ni wengi, wawaulize wazee waliokimbia, ambao wako hapa mjini na wana muda mwingi kuliko wanavyotaka. Tatu, jarida hili litenge ukurasa mmoja kila toleo kwa maneno hayo, tezo na patasi na msasa, pamoja na yale ya Kinande ambayo mafundi hutumia bila kuyaandika. Kamusi zilianza na orodha fupi kuliko hiyo.

Mimi nimeanza. Nilinunua daftari, na mstari wa kwanza nikaandika: Fundi, Alimbongo, msalaba wa msipre. Nilidhani hapo ndipo patakapoishia. Lakini juma lililopita nyanya alikuwa akimenya viazi, akasimama ghafla na kisu mkononi. Alikuwa amekumbuka kwamba Fundi alikuwa wa mkono wa kushoto, na kwamba watoto walimcheka kwa hilo. Niliuchukua msalaba dirishani, nikaitazama tena ile mikato ya mbavu na jinsi ilivyolala. Kisha nikaandika mstari wa pili.